Kinyemi cha Mkono: Kazi za Nyumbani na Msamiati wa Faraja katika Kiswahili

Kiswahili kina neno dogo ambalo, kwa wasemaji walio wengi, limebaki kuishi ndani ya methali moja tu. Neno hilo ni kinyemi, na methali yenyewe ni ile isemayo, "Kipya kinyemi kingawa kidonda." Mwanafunzi wa shule ya msingi huikariri, huijazia pengo katika mtihani, akapata alama yake, bila ya mtu kumwuliza kinyemi ni kitu gani. Kinyemi ni jambo lenye kupendeza, kitu kinachotia furaha. Nalo lina udugu na nyemi, neno la furaha ambalo siku hizi hukutwa zaidi katika ushairi kuliko katika mazungumzo. Ajabu ni kwamba sentensi iliyolinusuru neno hili ndiyo inayolidhihaki. Furaha ndogo imetajwa ili ichekwe: hata kidonda, kikiwa kipya, humfurahisha mwenye nacho.

Kutokana na hali hiyo linazuka swali linalostahili kushughulikiwa na wanaleksikografia na wanasemantiki pia. Iwapo nomino inayotaja raha ndogo imesukumwa pembeni hivyo, je, msemaji wa Kiswahili huzitaja wapi raha zake ndogo za kila siku: kikombe cha kahawa chungu kwa kipande cha kashata, asumini iliyotungwa kwa uzi jioni, kofia inayodariziwa kidogo kidogo, ukili unaorefuka mapajani mwa bibi aliyeketi barazani? Dai la mhadhara huu ni kwamba lugha haikuziweka raha hizo katika majina bali katika vitenzi, na hasa vitenzi vya kazi za mikono. Ndiyo maana mtafiti anayekuja na orodha ya kuuliza "hiki mnakiitaje" huondoka na jina la mkeka, akauacha nyuma ule utulivu ambao mkeka ulimpa aliyeusuka.

Ianzwe na msamiati wa faraja wenyewe. Sehemu yake kubwa imetoka Uarabuni, na picha zilizomo ndani yake zinafaa kuangaliwa. Burudani na baridi ni watoto wa mzizi mmoja; anayeburudika, kwa asili ya neno, amepata ubaridi. Upande wa Kibantu unakubaliana na picha hiyo: moyo hupoa, hasira hupozwa, mgonjwa huulizwa kama amepoa, na vijana wa mijini wamelichukua poa wakalifanya jibu la salamu. Watu wa mwambao wa joto hawakuhitaji kufundishwa kwamba raha ni upepo wa kusi na kivuli cha mwembe. Faraja, kwa upande wake, inabeba maana ya kufunguka: dhiki ilibana, sasa pamepatikana upenyo. Raha na starehe zimetoka katika mzizi mmoja wa mapumziko. Katika Kiarabu, umbo lilelile la raha lina maana pia ya kiganja cha mkono, na mtu anayependa mambo mazuri atatamani kuliunganisha jambo hilo na kazi za mikono zinazozungumziwa hapa. Ajizuie. Kiswahili kiliipokea raha bila kiganja chake, na etimolojia haijengwi kwa matamanio.

Yaliyo muhimu zaidi si mizizi bali maumbo. Msikilizaji na avipange vitenzi hivi mbele yake: liwaza, tuliza, poza, pumbaza, tumbuiza, bembeleza, changamsha, burudisha. Vyote vina umbo la usababishi, kwa -z- au kwa -sh-. Katika baadhi yake kitenzi cha msingi kipo na kinatumika: tulia, poa, changamka. Katika vingine, kama liwaza na tumbuiza, kitenzi cha msingi hakisikiki tena, lakini sauti ya usababishi imebaki imeng'ang'ania mwishoni. Hata fariji, ambalo ni la kigeni, limetokana na umbo la Kiarabu lenye nguvu hiyohiyo ya kusababisha. Kwa maneno mengine, faraja katika Kiswahili haielezwi kama hali inayomwangukia mtu tu. Kuna anayeifanya na kuna anayefanyiwa. Mama humtumbuiza mwana. Jirani humliwaza mfiwa. Mzee humpumbaza mtoto kwa hadithi asimkumbuke mama aliyekwenda kisimani. (Pumbaza, kwa bahati mbaya, limeelemea upande mbaya katika matumizi ya leo, hasa ya kisiasa; zamani lilikuwa neno la upole.)

Je, inakuwaje pale mtu anapokuwa peke yake? Hapo lugha hutia kiambishi -ji-, na sarufi nyingi huridhika kukiita kirejeshi, zikaendelea na mengine. Lakini jiliwaza si sawa na jikata au jitazama. Ajikataye ni yuleyule aliyekatwa. Ajiliwazaye amegawanyika: ndani yake mna mwenye huzuni na mna mwenye kuiondoa, na kama wangekuwa kitu kimoja kabisa, liwazo lisingewezekana. Mwenye huzuni hana nguvu za kujiinua. Lazima patafutwe kiungo ambacho huzuni haijakifikia. Mara nyingi kiungo hicho ni mkono. Sikiliza jinsi watu wanavyosema: anajiliwaza kwa kushona, anajipumbaza kwa kusuka. Kile kijalizo cha kwa, kinachotaja kazi, hakikuwekwa kwa pambo. Ndicho kinachomtaja mtendaji halisi.

Basi na itazamwe kazi moja kwa karibu, nayo ni ukili. Ukili ni utepe mrefu unaosukwa kwa majani ya mkindu, au kwa majani ya mkoma ambayo Unguja huitwa miyaa na sehemu kadhaa za pwani ya bara huitwa milala. Majani machanga hukatwa, huanikwa juani mpaka yageuke rangi, kisha huchanwa kuwa vipande vyembamba viitwavyo chane. Zinazotakiwa kuwa na rangi huchemshwa pamoja na rangi. Halafu kusuka huanza, na kusuka huku hakutoi mkeka: hutoa utepe tu, wenye upana wa vidole vichache, unaorefuka siku hadi siku na kuviringishwa kama gurudumu. Kili zikishatosha ndipo huunganishwa ubavu kwa ubavu kwa kushonwa, zikawa mkeka wa kulalia, msala wa kuswalia, kikapu au jamvi, kutegemea jani lililotumika na ustadi uliotiwa.

Hatua hii ya utepe ndiyo yenye siri ya jambo linalojadiliwa. Fundi wa kufuma nguo amefungwa na mtambo wake. Mfinyanzi hawezi kuliacha dongo likauke. Msusi wa ukili anaweza kuacha katikati ya msuko, akainuka kumtazama mgonjwa, akaivua chungu jikoni, akaswali, akarejea na kuendelea palepale pasipo kuharibika kitu. Anaweza kuubeba akaenda nao kwa jirani. Juu ya hayo, aliyekwisha kuzoea hahitaji kuukazia macho. Vidole huhesabu vyenyewe. Macho yako huru na kinywa kiko huru. Ukili ni kazi inayoacha nafasi ya mazungumzo, na kwa hiyo umelelewa na baraza na wenyewe ukalilea baraza. Si vigumu kuona kwa nini kazi ya namna hii humfaa mjane aliye katika eda, ambaye kwa miezi minne na siku kumi hutakiwa kukaa nyumbani mwake, au bi kizee ambaye jembe limemshinda lakini vidole bado vinamtii.

Kofia ni habari nyingine. Kofia ya viua, ambayo fahari yake ni ya Lamu na Unguja, hudariziwa kwa sindano kuzunguka matundu madogo madogo yaliyopangwa kwa hesabu, na kofia moja iliyo nzuri huchukua wiki nyingi. Hapa jicho halina ruhusa ya kutembea. Anayedarizi hunyamaza. Ikiwa ukili ni liwazo la wenye kuzungumza, kofia ni liwazo la wenye kutaka waachwe. Bara nako kuna vitambaa vya kufuma kwa sindano ya kroshia, vile vinavyotandazwa juu ya makochi, meza na redio. Watu wa mjini huvicheka, lakini ni nyumba chache zilizolelewa katika miaka ya 1970 na 1980 ambazo hazikuwa navyo. Vitambaa hivyo havina kamusi inayovithamini. Labda ni kwa sababu si vya kale vya kutosha kuitwa utamaduni, wala si vipya vya kutosha kuitwa sanaa.

Hata hivyo, hapana budi kusita kidogo. Ni rahisi kwa mtu anayelala juu ya godoro kuusifia mkeka. Methali nyingine husema, "Kazi mbi si mchezo mwema," na ingawa hutumiwa kumhimiza mvivu, ndani yake mna ukumbusho kwamba wanaofanya kazi wanajua vyema kuitofautisha na mchezo. Katika vijiji vya Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, wanawake wamekuwa wakifukia makumbi ya nazi katika mchanga na matope ya ufukweni, wakayaacha kwa miezi yavunde, kisha wakayafukua na kuyaponda kwa magongo mpaka utoke usumba, na usumba huo wakausokota kuwa kamba kwa viganja vyao. Harufu ya makumbi yaliyovunda haisahauliki. Malipo ya kamba yalikuwa madogo. Kilimo cha mwani kilipoanza huko kibiashara mnamo 1989, wanawake wengi walikifuata, kwa kuwa kilileta fedha mkononi mwao wenyewe. Na hakuna mpenzi wa utamaduni mwenye haki ya kuwalaumu. Si kila kazi ya mkono ni liwazo, na kazi ileile huweza kuwa liwazo leo na utumwa kesho, kutegemea nani ameagiza na njaa iko umbali gani.

Maisha ya Siti binti Saad yanaonyesha pande zote mbili. Alizaliwa Fumba katika familia maskini, akajifunza ufinyanzi kwa mama yake, na alikuwa akitembeza vyungu hadi mjini huku akinadi kwa sauti ambayo watu waliitambua kabla hawajamwona mwenyewe. Chungu kilimlisha, sauti iliyozoezwa katika kukiuza ndiyo iliyompeleka Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake alikuwa anaandika habari za mwanamke ambaye ufundi wa mkono na ufundi wa kinywa havikutenganishwa katika maisha yake. Wasomi ndio waliovitenganisha baadaye, wakaupeleka wimbo katika idara ya fasihi na chungu katika jumba la makumbusho.

Lugha yenyewe haijakubali mtengano huo. Kitenzi tunga kinatosha kuwa shahidi. Mtu hutunga shanga, hutunga maua ya asumini, hutunga samaki katika ujiti akapata mtungo wa kubeba nyumbani. Na kwa kitenzi hicho hicho hutunga shairi, sheria na mtihani. Mimba hutunga. Jipu nalo hutunga usaha, jambo ambalo washairi hawapendi kukumbushwa. Katika matumizi yote hayo mna vitu vidogo vidogo vinavyokusanyika, kimoja baada ya kingine, mpaka kikapatikana kitu kizima. Anayekaa jioni akatunga kikuba, yaani kifungo kidogo cha maua na majani yanukiayo ambacho mwanamke hukitia kifuani au nyweleni, anafanya kwa rehani na asumini kile ambacho mtunzi wa utenzi hufanya kwa mizani. Utungo na kikuba si vitu viwili vilivyofananishwa. Ni matokeo mawili ya kitendo kimoja.

Suka limefanya safari kama hiyo. Kitenzi cha nywele na ukili kimezaa msuko, istilahi ambayo wahakiki wa riwaya hutumia kwa mpangilio wa matukio. Istilahi hiyo ni bora kuliko ploti, iliyokopwa, kwa sababu inaeleza jambo ambalo ploti haielezi: kwamba katika hadithi, kama katika ukili, kila chane hupita juu ya nyingine kisha ikapotea chini, na ikirudi kuonekana haiko tena mahali pake pa kwanza. Lakini istilahi huishi kwa kutegemea uzoefu wa kitu. Mwanafunzi ambaye hajapata kuona chane ikipotea na kurudi atalikariri neno msuko kama anavyokariri ploti, na faida yote ya kuwa na neno la nyumbani itakuwa imepotea. Hapo ndipo suala la mikeka ya plastiki, ambayo sasa imejaa madukani kutoka Mombasa hadi Kigoma, linapoacha kuwa la wauza mikeka peke yao.

Neno jingine linalofaa kutazamwa ni matanga. Tanga ni la chombo. Matanga ni maombolezo, siku ambazo jamaa na majirani hukaa na wafiwa na kulala pamoja nao. Mtepe, chombo cha kale cha pwani ya kaskazini ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigiliwa misumari, kilikuwa na tanga la mkeka. Wapo wanaounganisha maneno haya mawili kupitia mikeka wanayokalia waombolezaji. Uhusiano huo haujathibitishwa, na mwanafunzi asiuandike katika tasnifu kana kwamba umethibitishwa. Lisilo na shaka ni hili: katika msiba, kama katika arusi, mkeka hutandikwa kabla ya neno lolote la faraja kutamkwa. Mwenye kuja kuliwaza huketi kwanza. Na mara nyingi mkeka wanaoukalia ulisukwa na mtu wa nyumba hiyo, pengine na marehemu mwenyewe.

Sasa kamusi zimeyafanyia nini maneno haya? Krapf, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1882, aliandika kwa namna isiyo na nidhamu ya kisasa, lakini mara nyingi aliingiza maelezo ya jinsi kitu kinavyofanywa na sentensi alizozisikia. Sacleux, mwaka 1939, alikusanya maneno ya lahaja kwa wingi ambao bado haujapitwa. Mwaka huo huo ilitoka kamusi ya Johnson iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha, na usanifishaji ukaipa Kiunguja nafasi ya mbele. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipochapishwa na TUKI mwaka 1981, ilileta jambo kubwa: Kiswahili kikaelezwa kwa Kiswahili. Pamoja na hilo, wanaleksikografia wa Kiswahili wamekuwa na mazoea mabaya ya kufafanua vitu vya nyumbani kwa maneno mawili, "aina ya." Aina ya mkeka. Aina ya kofia. Aina ya mti. Fasili ya namna hiyo haimsaidii asiyekijua kitu, na anayekijua haihitaji. Toleo la pili la 2004, la tatu la 2013, na kamusi kuu ya BAKITA ya 2015 zimeongeza maelfu ya vidahizo vya sayansi, biashara na teknolojia, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini wasukaji hawana kamati ya istilahi. Hakuna warsha inayoitishwa kwa ajili ya chane.

Kasoro kubwa, hata hivyo, haiko katika idadi ya vidahizo bali katika mifano ya matumizi. Mara nyingi kidahizo cha kazi ya mkono hupewa mfano unaotaja kuuzwa au kununuliwa kwa kitu, kana kwamba kabla ya soko hapakuwa na maisha. Liwaza nalo hupewa mfano wa mtoto anayelia. Ni nadra vitenzi viwili, cha kazi na cha faraja, kukutanishwa katika sentensi moja, ilhali vinywani mwa wasemaji vinakutana. Kamusi ikivitenga, msomaji wa kesho, ambaye pengine atakuwa mgeni wa kazi hizo hata kama ni mzaliwa wa lugha, atapata picha ya watu waliosuka kwa sababu ya umaskini peke yake na kuliwazana kwa maneno matupu.

Kidahizo kinachostahili kingeweza kuandikwa hivi:

ukili nm [u-/zi-] utepe mrefu uliosukwa kwa chane za mkindu, miyaa au milala, ambao huunganishwa ubavu kwa ubavu kwa kushonwa ili kupata mkeka, msala, kikapu n.k.: *Aliuweka ukili chini akawapokea wageni, kisha akauokota akaendelea. Kili hizi hazitoshi mkeka, labda msala. Tangu afiwe, ukili ndio unaomliwaza.*

Mhariri mwenye kubana nafasi ataufuta mfano wa tatu kwanza, akiona wa kwanza na wa pili vinatosha kwa sarufi. Naye atakuwa amefuta ule mmoja unaoeleza kwa nini kitu hicho kilisukwa na mtu ambaye hakuwa na haja ya mkeka mwingine. Mifano hii imetungwa kwa ajili ya mhadhara tu. Ile ya kamusi yenyewe haina budi kuchotwa kwa wasukaji, na mwanafunzi atakayetumwa Makunduchi au Siyu kuitafuta aende na kinasa sauti, apunguze maswali, na ajitengee siku za kutosha, kwa kuwa maneno hayo hayasemwi mbele ya anayeuliza. Husemwa pale mikono inapokuwa kazini na mgeni amekwisha kusahauliwa.